Muulize Ami: Vitoto vya Kiingereza vinavyowashinda wazee wao

Toleo lililopita niligusia kidogo tu zile komedi za Kiingereza za familia, baba, mama na watoto watukutu ndani ya nyumba moja, basi meseji zilizokuja sijaziona hata nilipoandika habari za tamthilia za Kituruki. Nimechagua hizi, zilobaki nyingi zinauliza yale yale, na yule alonitumia voisi ndefu na kuku wanawika nyuma namuomba aandike, sijasikia hata nusu.

*Ami shikamoo. Mume wangu kaja na flashi kutoka mjini ina komedi inaitwa Outnumbered. Kiingereza changu mie cha skuli tu, nusu ya maneno yananipita lakini nacheka mpaka mbavu zinauma, zaidi kile kitoto cha kike Karen. Sasa nnachokuuliza, mimi nacheka nini hasa? Na mbona watoto wa komedi zetu hawanichekeshi hivi? (Mama wa Watatu, Chake Chake)*

Marahaba mwanangu. Unacheka kwa sababu yule mtoto hana habari kama anachekesha, anataka jibu.

Outnumbered ilianza BBC One mwaka 2007, walioiandika wawili, Andy Hamilton na Guy Jenkin, wazee wa fani hao, miaka ya nyuma waliandika pamoja Drop the Dead Donkey, komedi ya chumba cha habari. Hadithi yenyewe ukiisimulia haina kitu. Baba, Pete, anasomesha historia sekondari, mama, Sue, ana kazi ya ofisini ya nusu siku, wanakaa London na watoto watatu. Jake mkubwa anaanza sekondari na roho iko juu, Ben wa kati anasema uongo kutoka asubuhi mpaka anapolala, Karen mdogo anauliza. Basi. Hakuna aliyeibiwa urithi, hakuna mchawi, hakuna mtoto aliyebadilishwa hospitali, episodi nzima inaweza kuwa asubuhi moja tu watu wanahangaika watoto wafike skuli na viatu viwili.

Ujanja wake uko hapa. Watu wazima walipewa skripti, wale watoto hawakupewa ya kuhifadhi. Walikuwa wanaambiwa muda mchache kabla ya kamera kuwaka, hapa mama yako anataka hivi, we unataka hivi, alafu wanaachiwa waseme kwa maneno yao. Ramona Marquez aliyecheza Karen alikuwa na miaka 6 ilipoanza kuonyeshwa, na mtoto wa miaka 6 ukimuachia aseme anavyotaka hakupi sentensi uliyoitegemea hata siku moja. Sasa Hugh Dennis na Claire Skinner, wale baba na mama, wanatakiwa walipokee lolote linalokuja na wabaki humo humo ndani ya mchezo. Tazama uso wa Sue kila Karen anapouliza, ile sekunde kabla hajajibu, pale pana mama kweli anatafuta njia ya kutokea haioni.

Na wanashindwa kila siku kwa sababu mzee amefungwa mikono miwili. Anatakiwa awe na adabu mbele za watu, tena anatakiwa awe na sababu ya kila anachosema. Mtoto hajafungwa popote. Kuna episodi ya mwanzo wa sizoni ya pili, arusini, Ben na Karen wanamkamata kasisi wanamuuliza maswali ya dini, maswali ya watoto kabisa, na yule kasisi wa watu anaanza vizuri na tabasamu lake, swali la pili tabasamu linapungua, la tatu anaangalia kulia na kushoto kama yuko mtu wa kumuokoa. Kila nyumba ya Kiislamu ina mtoto wake aliyemfanya ustadhi atazame saa.

We mwenyewe Mama wa Watatu unayo hayo nyumbani. Mgeni kaingia, umemkaribisha, umetoa vikombe vya kahawa vile vya kila siku, mtoto anaangalia kikombe, anamuangalia mgeni, anauliza kwa sauti ya kutaka kujua tu, "Mama, huyu si wa vile vya kabatini?" Utamjibu nini? Ukimkemea umekiri, ukicheka umekiri, ukinyanyuka kwenda kuvitoa vya kabatini ndo umekiri zaidi. Mtoto hajakosea, kauliza utaratibu wa nyumba. Komedi nzima ya Outnumbered imesimama hapo hapo, kwenye vile tunavyovijua sote nyumbani na hatuvisemi mbele ya mgeni.

Habari za watoto wa komedi zetu subiri kidogo, kuna kijana wa Wete chini huko nimemjibu kwa kirefu, lako nimelitia humo.

*Ami, bibi yangu kila tukiweka zile za Kiingereza anauliza hao wanaocheka ni nani na wamekaa wapi. Nimjibu vipi? (Mjukuu, Jang'ombe)*

Mwambie swali lake zuri. My Family kwa mfano, ile ya daktari wa meno, ilirikodiwa studio za Pinewood mbele ya watu waliokaa kwenye viti, wale unaowasikia ni wao. Outnumbered haina kicheko hata kimoja cha nyuma, kamera inazunguka humo ndani ya nyumba na hakuna anayekwambia hapa cheka. Mimi naipenda zaidi hii ya pili, mtoto akisema jambo zito alafu kimya, kile kimya kinauma. Bibi akishakujua mchezo hauna kicheko nadhani ataacha kuuliza, na atacheka yeye.

*Assalaam alaykum. Nimeangalia mara mbili hizo komedi unazozisifia. Mtoto anamjibu baba yake neno kwa neno, mama anaomba na kubembeleza, hakuna anayesema "nyamaza". Huoni kama unatuletea maradhi ndani ya nyumba? Watoto wetu wanaiga. (Baba, Mwanakwerekwe)*

Waalaykum salaam, na ahsante kwa kusema wazi, wengine wameandika hivyo hivyo kwa maneno makali zaidi.

Kwanza kitu ambacho wengi hawakijui. Sizoni ya kwanza ya Outnumbered BBC waliirusha saa nne u nusu ya usiku. TV za Uingereza zina mpaka wao wa saa tatu usiku, mambo ya watu wazima hayarushwi kabla ya hapo, kwa hiyo hii ni komedi yenye watoto ndani yake waliyotengenezewa wazee waliochoka, wenye watoto wamelala chumba cha pili. Mimi kwangu haiangaliwi mchana na wajukuu wamekaa mkekani, na sioni ajabu we ukifanya vile vile.

Lakini hilo la maradhi sikubaliani nawe ndugu yangu. Anayechekwa mle si baba aliyekosewa adabu. Anachekwa mzee anayemwambia mtoto usiseme uongo alafu simu inalia anasema mwambie sipo. Hilo tunalo, tena halikuja na flashi.

Na kuna upande ambao hausemwi sana. Baba yake Sue, mzee Frank, akili inaanza kumpotea, anasahau, anatoka anapotea njia, na Sue ana dada yake Angela aliyekaa mbali miaka, karudi na maneno mengi ya upendo, lakini zamu za kumuangalia mzee haonekani. Wallahi ile sehemu niliiangalia nikasimamisha nikaenda nje kidogo. Nani atakaa na mzee, nani anatoa pesa na nani anatoa mgongo, nani anapiga simu kutoka Dubai kuuliza kala nini na hajawahi kumuogesha, hayo si ya Kizungu hata kidogo. Wameyatia ndani ya komedi na hawakuyapunguza makali, na vile vitoto vinamuuliza babu yao hivyo hivyo moja kwa moja, mbona umesahau, unasahau nini, na yule mzee anawajibu wao kuliko anavyowajibu wakubwa. Aliyecheza Frank ni David Ryall, alifariki mwaka 2014. Ukiwa huna hamu na vitoto, angalia kwa ajili yake.

*Ami mimi nasoma Tunguu, tumebishana dahalia. Mwenzangu anasema Waingereza wamewaiga Wamarekani kwenye hizi komedi za familia. Na kwa nini zao sizoni ina episodi sita tu? (Mbishi)*

Mwenzako kakosea kwa sehemu kubwa. Waingereza wana zao zamani. Bless This House aliyocheza Sid James ilianza 1971, Butterflies aliyoiandika Carla Lane ilitoka 1978 mpaka 1983, mama hajui kupika kabisa na roho yake iko nje ya nyumba, watoto wawili vijana wanamcheka. Alafu ikaja 2point4 Children miaka ya tisini. Penye Umarekani ni My Family, 2000 mpaka 2011, hiyo ilianzishwa na Mmarekani, Fred Barron, akaleta mtindo wa kwao wa kukaa waandishi wengi chumba kimoja, ndo maana ilifika episodi 120 wakati Waingereza kawaida yao mtu mmoja au wawili wanaandika zote. Wawili wakiandika zote utapata sita, nane, basi, kichwa hakitoi zaidi bila kurudia. Kwa hiyo mpe mwenzako hapo nusu maksi.

Na kitu kimoja cha kuchekesha ambacho hujaniuliza, baba wa Butterflies anaitwa Ben na ni daktari wa meno, baba wa My Family anaitwa Ben na ni daktari wa meno. Sijui Waingereza wana nini na madaktari wa meno. Ila kumbuka My Family watoto wake wakubwa kidogo, na wanasema mistari iliyoandikwa, mizuri lakini utaisikia ni ya mwandishi, yule mdogo Michael anaongea ujanja wa mtu wa miaka arubaini. Robert Lindsay ndo anaibeba, we angalia kwa ajili ya baba.

*Ami shikamoo. Mimi na rafiki zangu hapa Wete tunatengeneza komedi fupi fupi kwa simu, tunamtumia mtoto wa dada yangu, ana miaka saba, mtundu sana na watu wanampenda. Lakini tukimpa maneno anakuwa mkavu, anayasema huku anatuangalia sisi. Tukizima kamera anaanza vituko vyake. Tufanyeje? (Dairekta wa Uwani)*

Marahaba. Barua yako imenifurahisha kuliko zote kwa sababu umeshaona tatizo, wengi hawalioni.

Nikwambie kinachonikera kwenye komedi za watoto za siku hizi, na Mama wa Watatu wa Chake asikie. Mtoto anavikwa kofia ya kibabu, anapewa bakora, anafundishwa aseme maneno ya mzee mwenye wake wawili, "mie mke wangu mkubwa ananitia presha", na watu wazima nyuma ya kamera wanacheka. Mara ya kwanza inachekesha, sikatai. Ya pili unaona mtoto hajui anachosema, kasuku mtupu, na ya tatu unamuonea huruma. Unachocheka pale ni kofia. Mtoto mwenyewe hayumo, akili yake haimo, na akili yake ndo mali.

Mwaka jana Ramadhani nilimsikia mtoto barazani anamhesabia mwenzake saumu zake. Jana nilifunga mpaka adhuhuri, leo nimefunga mpaka adhuhuri, nusu na nusu, kwa hiyo nna moja kamili, na wewe uliyefunga leo mchana kutwa una moja, tuko sawa, na mie nimekula mara mbili. Yule mwenzake kakaa anafikiri, anajua kaibiwa lakini hajui wapi. Sasa niambie mwandishi gani angekaa na kalamu akayaandika hayo? Hesabu ni sahihi kabisa, dini ndo haikubali. Na angekuwepo baba yake pale, baba mwenye kujiona msomi, akajaribu kumueleza kwa hoja, ungekuwa na dakika tano za komedi bila ya kofia wala bakora.

Kwa hiyo mtoto wa dada yako msimpe maneno. Mpeni jambo analolitaka. Mwambieni, huyu mjomba atakukatalia kwenda kuoga pwani, we unataka kwenda, muombe. Alafu mpeni mjomba siri, mwambieni kila mtoto akitoa sababu na yeye ajibu kwa sababu, marufuku kusema "kwa sababu nimesema", maana akilisema hilo mchezo umekwisha. Hapo mzee ndo awe muigizaji hodari, mnakosea kumtafuta mtoto hodari na mzee mnamchukua yeyote aliyepita njia. Hugh Dennis alikuwa mchekeshaji wa miaka mingi kabla ya kukaa na vile vitoto, na kazi yake kubwa mle ni kusikiliza. Mtu wa kupokea akiwa mbovu, mtoto naye anapotea.

Kamera ikae mbali, mkiweza simu mbili, moja kwa mtoto moja kwa mzee, ziwake mapema asijue lini mmeanza, na msicheke! Nyinyi ndo mnamuharibu. Mkicheka mara moja tu kashajua, ataanza kuwatafutia kicheko, na mtoto anayetafuta kicheko ndo huyo anayewaangalia nyinyi. Zoezeni kuuma mdomo. Mtarikodi nusu saa mtapata dakika mbili, msisikitike, ndo kazi yenyewe ilivyo.

Wakenya waliwahi kutuonyesha njia na Machachari, Citizen TV, vitoto vya mtaani, wakina Baha na Govi. Ilikuwa na skripti ile, lakini mambo yao yalikuwa ya watoto, wanataka vitu vya watoto na wanaviendea kitoto, na nyumba nyingi hapa ziliipenda. Itazameni.

La mwisho, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Huyo ana miaka saba. Uingereza kwa kawaida mtoto hachezi kwenye TV mpaka halmashauri ya kwao itoe leseni, awepo mtu maalumu wa kumuangalia ambaye hana kazi nyengine pale, na masaa yamepangwa, kwa sheria zao za sasa mtoto wa miaka 5 mpaka 8 kuigiza kwenyewe hakuzidi masaa matatu kwa siku, na akikosa skuli lazima apangiwe masomo. Nyinyi hamna leseni wala halmashauri, mna dada yako. Basi yeye ndo awe na neno la mwisho, akisema imetosha imetosha, na kila video aione kabla haijatoka. Msirikodi akilia, msirikodi akioga, na lile la kumtisha mtoto ili alie watu wacheke msilifanye kabisa, Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011, isomeni. Na kama pesa inaingia, yake iwekwe pembeni kwa jina lake. Chuoni asikose.

*Ami, nimesikia yule baba na mama wa Outnumbered wamependana kweli kweli, ni kweli au maneno ya watu? Na wale watoto wako wapi sasa? Mie nataka kuanza kuangalia, nianzie wapi? (Shoga wa Michenzani)*

Umbea umekufikisha mbali, lakini hili kweli. Hugh Dennis na Claire Skinner walikuja kuwa wapenzi, mambo yalijulikana 2018, miaka mchezo umeshasimama.

Watoto wamekuwa watu wazima. Ramona Marquez alipata tuzo ya mchekeshaji mpya wa kike kwenye British Comedy Awards mwaka 2009, akiwa na miaka 8. Tyger Drew-Honey, yule Jake, na Daniel Roche, yule Ben mwenye nywele za kujikunja, nao wakaendelea na kuigiza. Sizoni tano, ya mwisho 2014, alafu wakakutana tena tarehe 26 Disemba 2016, na mara nyengine tarehe hiyo hiyo 2024, Jake mwenyewe ana mtoto na Pete ana maradhi ya saratani, na bado wanagombana juu ya vitu visivyo maana.

Anza sizoni ya kwanza, usiruke, maana sizoni za mwisho watoto wameshakua na ladha inabadilika, Karen aliyekua ni mkali lakini si yule mdogo wa mwanzo. Bando likiwa dogo nenda YouTube, BBC wenyewe wameweka vipande, tafuta cha kasisi arusini na kile Karen anamfanyia panya maziko na kuhutubu mwenyewe. Weka maandishi ya chini ya Kiingereza, vitoto vinaongea haraka na wote kwa pamoja.